Elektrodi za ndani ya ubongo: kwa nini rekodi inafifia baada ya miezi?

mpenda_niuro: Wakuu naombeni msaada, nafanya projekti ya elektrodi za kupandikiza kwenye ubongo zirekodi kwa muda mrefu. Pepa nyingi nilizosoma, wiki za mwanzo spaiki (mapigo ya umeme) za niuroni moja moja zinaonekana vizuri kabisa, miezi ikienda zinafifia hadi inabaki kelele tu. Elektrodi ndo inaharibika au ubongo ndo unaikataa? Nikitengeneza nyembamba zaidi itasaidia?

maabara_usiku: Vyote viwili mkuu ila mi naanza na ubongo. Tishu yake ni laini mno, ugumu wake uko kwenye kilopaskali, silikoni ya elektrodi (ile ya chipu, si ya mpira) inapita gigapaskali 100, na ubongo hautulii, unacheza kila moyo ukidunda na kila mtu akivuta pumzi, kwa hiyo ile sindano inakwaruza palepale siku zote. Maikroglia (seli za kinga za ubongo) zinaivamia mapema, baadaye astrosaiti (seli za kusaidia niuroni) zinaizungushia kovu, niuroni za jirani zinakufa. Na spaiki ya niuroni moja unaipata ukiwa ndani ya maikromita 100 hivi, kovu likikaa hapo katikati ndo basi.

fundi_waya: Msiusingizie ubongo peke yake jamani. Kuna utafiti wa 2013 ulifuatilia arei za Utah (vibao vya sindano nyingi za silikoni) 78 kwa nyani 27, zilizofeli nyingi zilifeli ndani ya mwaka mmoja, na kundi kubwa ni hitilafu za kimakanika, hasa konekta (plagi ya kuunganishia waya)! Watu tunahangaika na kemia ya ncha wakati kinachokufa ni konekta ya juu ya fuvu.

maabara_usiku: Hapo umenena. Kuhusu wembamba, nyuzi za kaboni za maikromita 7 hivi zinaacha kovu dogo sana, ila ncha ikiwa ndogo impidansi (ukinzani wa umeme) inapanda na kelele inapanda nayo, ndo maana watu wanapaka PEDOT (plastiki inayopitisha umeme), nayo inaweza kubanduka. Ukienda kwenye polimaidi laini (aina ya plastiki) inajikunja wakati wa kuingiza, inabidi uisindikize na kitu kigumu. Halafu ulaini peke yake hautoshi, mgonjwa wa kwanza wa Neuralink (kampuni ya vipandikizi vya ubongo) 2024 nyuzi kadhaa zilirudi nyuma zikatoka kwenye tishu.

mpenda_niuro: Asanteni sana aisee. Sasa nitajuaje ipi imetokea kwangu bila kumfungua mnyama?

fundi_waya: Pima impidansi kila unaporekodi, usiruke hata siku moja. Ikiruka juu ghafla waya au konekta imekatika, ikishuka sana shuku insulesheni inavuja, ikipanda taratibu wiki za mwanzo hiyo mara nyingi ni tishu.