Siku ya Wanawake kikundini kwetu: tuwaambie nini mabinti zetu?

Mama Nasra, Mbagala
Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kikoba chenye wanachama 28. Kila ifikapo tarehe 8 Machi tunashona vitenge vya sare, tunapika pilau, tunapiga picha, kisha tunatawanyika kabla ya magharibi. Mwaka jana binti wa mwanachama mmoja, aliyekuwa kidato cha pili, alituuliza tunasherehekea nini hasa, na hakuna mtu mzima aliyempa jibu la kueleweka. Jambo hilo limenikaa moyoni. Naomba mnisaidie: ni habari zipi za wanawake zinazoweza kusimuliwa kwa nusu saa, binti akaondoka na kitu?

Bibi wa Gerezani
Mwanangu, anzeni na Bibi Titi Mohamed, maana ni mzaliwa wa mji huu huu. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kuongoza tawi la wanawake la TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambavyo vilikuwa tayari na wanachama, michango na nidhamu yake. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kimojawapo. Kwa hiyo waambieni mabinti kwamba kikundi cha akina mama kama hicho chenu ndicho kilichoibeba TANU mitaani, jambo ambalo husahaulika tukitaja majina ya wanaume peke yao.

Wakili, Kinondoni
Shikamoo bibi. Mama Nasra, mimi ningeongeza wanawake wawili waliofika mahakamani.

Wa kwanza ni Bi Hawa Mohamed, ambaye baada ya talaka alidai sehemu ya mali iliyopatikana katika ndoa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuipata mali hiyo. Yeye mwenyewe hakupata alichokidai, lakini kanuni iliyotokana na shauri lake imewasaidia wengi waliomfuata.

Wa pili ni Holaria Pastory wa Kagera. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na, uzee ulipomkuta hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Jamaa wa ukoo alipinga, kwa kuwa mila ya Wahaya ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza, na Mahakama ya Mwanzo ikaubatilisha mauzo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliikataa mila hiyo kwa kutumia Katiba yetu pamoja na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 unaopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Binti akiuliza mikutano ya dunia inatuhusu nini, mwonyesheni shamba hilo. Leo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi sawa na mwanamume.

Baba Irene, Chanika
Baada ya kusoma maelezo ya wakili nilifungua kabati nikatoa hati ya mauziano ya kiwanja chetu. Nusu ya fedha ilitoka kwenye mgawo wa kikoba cha mke wangu, nami nakumbuka alivyozihesabu noti mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mnunuzi aliyeandikwa ni mimi peke yangu. Mke wangu ametia saini kama shahidi. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, lakini nikifa leo, ndugu zangu wataisoma karatasi hiyo kama ilivyo. Wakili, tunalirekebishaje hili?

Wakili, Kinondoni
Njooni wote wawili, na hati hiyo, mkiwa na vitambulisho vyenu. Kwa kuwa mnakubaliana, si kazi ngumu.

Mama Nasra, Mbagala
Ahsanteni sana, na shikamoo bibi. Nimekwisha kuwapigia wenzangu. Pilau itakuwepo, ila safari hii kila mama aje na nakala ya hati yake, aketi na binti yake, waangalie pamoja ni jina la nani limeandikwa.