Eti "saini, umeshashirikishwa"! Wakuu nina hasira

Matairi Manne (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe. Nimetoka sasa hivi kwenye kile kikao cha "kushirikisha wananchi" kuhusu njia za waenda kwa miguu na wenye vitimwendo. Simtaji mtu. Wa huku mnamjua, yule bwana wa "kwa mujibu wa".

Kikao cha vitimwendo kimefanyika wapi? Ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Ngazi zenyewe hata paka anapanda kiubavu.

Nikabaki chini na kiti changu, kati ya pikipiki za bodaboda na ndoo ya mama muuza mihogo. Nikapiga simu. Bwana mkubwa akatokea kwenye roshani, mkono mmoja kashika sambusa, akasema, nanukuu: "Mzee wa matairi, kaa hapo hapo, karatasi inakuja."

Karatasi inakuja!

Nikajua ni karatasi ya maoni. Kumbe kijana anashuka na orodha ya mahudhurio. Jina langu limeshaandikwa, namba 14. Kwenye safu ya "kundi maalumu" wameshanipigia vema. Pembeni doa la mafuta ya sambusa, kubwa kama sarafu ya mia mbili. Imebaki saini tu. Nikamuuliza kijana, na maoni yangu? Akatazama juu. Yule bwana akajibu kutoka huko huko, mtaa mzima unasikia, nadhani hata waliolala makaburini waligeuka ubavu: "Saini, umeshashirikishwa!"

Na nilikuwa na jambo moja tu. Moja! Ule mteremko waliojenga kule sokoni umesimama kama ubao wa kupandishia ng'ombe kwenye Fuso, na ukifika chini unapokewa na mtaro usio na mfuniko. Anayesukumwa anaingia mtaroni, anayesukuma anabaki na mishikio mkononi. Hilo hulioni ukipita na gari lenye kiyoyozi. Ningelisema kwa dakika mbili nikaenda zangu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, ingekuwa mtoto ingekuwa sekondari saa hizi. Mimi naambiwa saini, umeshashirikishwa. Namba 14! Na doa la sambusa juu!

Nimekaa Pale

Ulisaini au hukusaini?

Matairi Manne

Nilisaini mkuu. Usinihukumu, yule kijana alikuwa ananitazama kwa huruma. Hasira zimenipanda nikiwa kwenye bajaji.

Chumvi ya Mawe

Yaani umetuandikia gazeti zima kumbe umesaini 😂😂 Sambusa je, ulipewa?

Matairi Manne

Sikupewa.

Chumvi ya Mawe

Ahaa. Hapo sasa nimeelewa hasira zako.

Fundi Geji

Mteremko wa kiti ni 1 kwa 12, hata saidia fundi anajua. Ukingo ukiwa na kimo cha sentimita 15, mteremko unatakiwa uwe na urefu wa mita 1.8. Wao wanakuletea mfuko mmoja wa saruji wanataka uishie hapo hapo mlangoni. Ukisema, unaambiwa fundi unajifanya injinia. Na hela yangu ya Februari sijalipwa mpaka leo, ila hayo ni mengine.

Mama Pacha

Pole sana kaka. Ila msidhani ni ninyi tu. Mimi nina mapacha kwenye kigari, na jirani yangu mwenye duka katoa ngazi tatu mpaka katikati ya njia, juu yake kapanga madumu ya maji. Nikimwomba asogeze ananiambia "si uwabebe?" Wawili! Na huyu mmoja anakula ugali kuliko baba yake!

Kijiwe cha Boda

Kila uzi lazima bodaboda watajwe. Mkuu ulikaa kati ya pikipiki zetu, kuna aliyekugonga? Tulisema tutakupandisha juu ukakataa.

Matairi Manne

Mlisema buku mbili kila ngazi! Halafu kwa nini nibebwe kama gunia la viazi? Si wangeshuka wao? Pale chini kuna mwembe, una kivuli kuliko ule ukumbi wao.

Jirani wa Nairobi

Poleni majirani. Huku kwetu sera ya wanaotembea kwa miguu na baiskeli iko tangu 2015. Boda wanapita juu ya njia yetu vile vile, na ukisimama wanakupigia honi wewe.

Kijiwe cha Boda

Si nimesema. Sasa wametuletea mpaka wa Kenya.

Mzee wa Kimara

Tuwe wakweli, mwendokasi, haya mabasi ya Dar yenye njia yake, tangu ianze Mei 2016 ilileta kitu kimoja kizuri: sakafu ya basi iko sawa na jukwaa la kituo, kiti kinaingia chenyewe. Kazi ni kukifikia hicho kituo. Saa 12 jioni njia ya miguu ina nyanya, mitumba na karanga. Na mifuniko ya mitaro huku yote imeenda kwa wa vyuma chakavu, tunaruka kama vyura.

Chumvi ya Mawe

Mleta uzi, sambusa ilikuwa ya nyama au ya viazi?

Matairi Manne

Ya viazi, doa lilikuwa la njano. Jamani, nimeambiwa UMESHASHIRIKISHWA, kutoka ghorofani, mbona hamlioni hilo?

Chumvi ya Mawe

Ya viazi? Wala hukukosa kitu.

Mama Pacha

Mzee wa Kimara umenikumbusha. Sisi wameiba mfuniko wa chemba juzi usiku, na watoto wanacheza hapo hapo. Mwenye kuuza wa chuma, bei ya kirafiki, anistue.

Kijiwe cha Boda

Size gani dada?

Mama Pacha

Futi mbili kwa mbili.

Kijiwe cha Boda

Upo. Njoo PM.

Fundi Geji

Mama Pacha, kabla hujalipa ugeuze kwanza uangalie kama siyo wako.