Tupeane uzoefu: uliwahi kuingia kwenye ngome yenye mizimu? Ilikuaje?

Kandili: Wakuu, uzi huu ni wa wale waliokanyaga zile ngome na makasri ya kale yanayosemekana yana mizimu. Stori za "rafiki wa binamu yangu" sitaki, leta yako. Naanza mimi. Nilienda Tower of London mchana kweupe, watalii kibao, hofu sina kabisa. Nikafika kwenye kile kikanisa cha St Peter ad Vincula alikozikwa Anne Boleyn, yule malkia aliyekatwa kichwa kwa upanga tarehe 19 Mei 1536, na inasemekana huwa anazunguka mle usiku kichwa kakibana kwapani. Nikacheka kwa sauti. Haikupita dakika mbili nikaguswa bega kwa nyuma, aisee niliruka mpaka kofia ikadondoka, kumbe ni bibi wa watu anaomba nimpige picha.

Pweza_Mkavu: Hahaha pole mkuu. Ila huyo Anne kwa marehemu ana safari nyingi mno. Kule kwenye jumba la Blickling, Norfolk, Uingereza, wanadai kila 19 Mei anafika na gari la farasi, kichwa kapakata, na dereva naye hana kichwa. Sasa jumba lililopo leo limejengwa kama miaka 80 baada ya yeye kuuawa, ramani alipewa na nani?

Mama wa Mapacha: Mie ilikuwa Castle of Good Hope, Cape Town, ngome ya Waholanzi, waliijenga kuanzia 1666 mpaka 1679. Mwongozaji akatupa kisa cha gavana Van Noodt, mwaka 1729 aligoma kuwasamehe askari waliohukumiwa kunyongwa, mmoja wao akamwita kwa jina kabla ya kamba akamwambia tukutane mbele ya hukumu ya Mungu, na gavana akafa siku hiyohiyo, wanasema walimkuta amekaa kwenye kiti chake. Sasa baada ya kutujaza hayo yote ndo akatuingiza kwenye kile chumba cha mateso, giza totoro, akafunga mlango kidogo tuonje wafungwa walivyokuwa wanaishi. Jamani nikasikia pumzi shingoni, ya moto kabisa, nikaanza kusoma kila dua ninayoijua na nyingine nikawa nazitunga palepale, mlango unafunguliwa nageuka namkuta mume wangu kaning'ang'ania mgongoni macho kafumba. Na yeye ndo alikuwa kimbelembele wa kukata tiketi.

Fundi Mitambo: Hapo ndo mnapokosea, mnasikilizishwa kwanza halafu mnaingizwa gizani, hata paka akipita utamwona gavana. Kuna injinia wa Coventry, Vic Tandy, usiku akiwa maabara alikuwa anatokwa jasho la baridi na anaona kivuli cha kijivu pembeni ya jicho, akigeuka hakuna kitu. Siku moja upanga wake wa michezo aliokuwa kaubana kwenye jiriwa ukaanza kutetemeka wenyewe. Akachunguza, kumbe feni mpya ya kutoa hewa inatoa mtikisiko wa kama hezi 19, yaani mara 19 kwa sekunde, sikio la mtu halisikii ila mwili unaupata. Feni ikazimwa, kivuli kikahama. Aliandika hayo 1998. Sasa fikiria ngome yenye upepo na korido ndefu.

Pweza_Mkavu: Kwahiyo Okiku wa Himeji kule Japani naye ni feni? Kisima chake kipo mpaka leo ndani ya ngome, nimekichungulia mwenyewe. Mtumishi aliyesingiziwa kapoteza sahani moja kati ya kumi, akauawa akatupwa humo, usiku anahesabu moja mpaka tisa halafu anapiga kelele. Nilivyochungulia nikajikuta nahesabu kimoyomoyo, nilivyofika saba nikaondoka zangu.

Ngazi_ya_Tatu: Mi nasomaga tu humu ila leo niseme. Tulienda Scotland na wenzangu wa kazini, mchana tukazunguka kasri la Glamis, tukapigwa ile stori ya chumba cha siri, kwamba wageni waliwahi kutundika taulo kila dirisha, wakatoka nje kuhesabu wakakuta kuna dirisha halina. Usiku tukalala kwenye hoteli nyingine, ni kasri la zamani pia, jina naliacha. Mi nikapewa chumba cha juu kabisa mnarani. Usiku wa manane nasikia mtu anapanda ngazi, taratibu, anafika karibu na mlango kimya, halafu inaanza upya kutoka chini. Mara tatu. Hashuki, anapanda tu. Asubuhi nikamuuliza dada wa mapokezi, akacheka akasema usijali kaka, ngazi za mbao zikipoa usiku zinalia hivyo. Nikaridhika, nikapanda kuchukua begi.

Kandili: Si ndo hivyo sasa, mbao inalia. Fundi kashinda leo.

Ngazi_ya_Tatu: Mkuu, zile ngazi ni za mawe.