Mnaonikumbuka kazi ikiisha tu, mmenichosha!

Wadau wa Malaba, Busia na Kampala, leo nasema wazi.

Kuna watu tulisoma nao kozi ya uwakala wa forodha, benchi moja, sahani moja. Wakishapata ofisi Kampala, kimya. Salamu hawaitikii, hata ukifiwa hawatumi pole. Mkataba ukikatika, usiku wa manane wasifu unaingia WhatsApp: "Ndugu yangu, nishike mkono." Undugu huo umeanza lini?

Mmesahau 2014? Himaya Moja ya Forodha, ule mpango wa nchi za Afrika Mashariki, ilipoanza, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unalipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Kazi ya hapa mpakani ikanyauka. Waliopona ni waliokuwa na watu bandarini, watu waliokuwa wakiwajulia hali miaka nenda rudi bila kuwaomba chochote. Nilimpigia mwenzangu mmoja aliyekuwa na mtu huko. Namba tu nilitaka! Hakupokea. Baadaye nikasikia alisema kila mtu ajitafutie. Leo kampuni yake imefungwa, anataka nimpeleke kwa mteja wangu.

Na mnajua mnachoomba? Katika kazi hii, kumtambulisha mtu ni kuweka jina lako rehani. Mzigo wa Juba unapita Uganda kwa bondi, yaani dhamana ya kulipa ushuru mzigo usipotoka nchini. Ukishushwa na kuuzwa Kampala kinyemela, mamlaka ya mapato inaidai ile bondi, na mteja ananigeukia mimi: huyu ulimtoa wapi? Nimjibu nini, wakati sijui mtu huyo ameishi vipi kikazi miaka yote hii?

Msiniambie mlibanwa na kazi. Hapa Malaba kuna mama mmoja, mkubwa wetu katika fani, ana shughuli kutushinda sote. ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, ikigoma, anatutaarifu. Akisikia nafasi ya kazi, anaituma hata kama hana mtoto wake wa kumwingiza. Vijana wa mafunzo anawajua kwa majina, na wakihama anawauliza wamefikia wapi. Mama huyo akikwama leo, nani hapa atakataa kusimama naye? Hakuna! Na hajawahi kununua tiketi ya chakula cha jioni hotelini ili agawe kadi za biashara.

Huyo mwenzangu nimemjibu aje kwanza kwenye kikao cha mawakala Jumamosi, akae na watu, awaulize habari zao. Kanijibu hana muda.