Eti "ni kilima tu"! Yule mwongoza watalii wa bendera ya njano kule Xi'an akome

Wakuu, nina hasira mpaka simu inatetemeka. Ni yule yule mnayemjua, wa bendera ya njano na spika kiunoni. Kasimamisha kundi zima mbele ya kaburi la Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China mwaka 221 KK, halafu anatamka: "Hiki ni kilima tu, twendeni dukani."

KILIMA TU! Huyu ukimpeleka kwenye Ukuta Mkuu atasema ni uzio wa mbuzi.

Tiketi ni yuan 120 na inalipia kote kuwili: mashimo ya askari wa udongo (zile sanamu za jeshi lake alizozikiwa), pamoja na bustani ya kaburi iliyo kama kilomita 1.5 magharibi yake. Basi la kuwapeleka huko ni bure. Yale magari mawili ya shaba ya kukokotwa na farasi, yaliyochimbuliwa 1980, nusu ya ukubwa halisi, yako upande wa kaburi tangu 2021. Kwa hiyo ukiswagwa dukani kutazama bangili, umeyakosa na hela imeliwa. Kilima tu!

Kichwa Ngumu: Mleta uzi punguza jazba. Kwani si kilima? Hakuna mlango, hakuna ngazi. Ulitaka mfalme atoke akusalimie?

Fundi Lakeri: Hakijafunguliwa kwa sababu. Wale askari wa udongo walipakwa kwanza lakeri, yaani vanishi ya utomvu wa mti, rangi ikaja juu. Wakifukuliwa, lakeri inakauka, inajikunja na kubanduka na rangi yake ndani ya dakika chache. Halafu udongo wa hicho kilima ukipimwa unakutwa na zebaki nyingi, na hiyo ni sumu. Nani wa kutia sururu hapo?

Mama Vitumbua: Hayo madogo. Majambazi ni wale wa gari la "bure" wanaokushusha kwenye kaburi feki la simenti. Pandeni metro, laini namba 9, mshuke Huaqing Chi, kisha basi la umma. Pasipoti mkononi, tiketi ni kwa jina.

Kichwa Ngumu: Na Shimo namba 1 la askari je? Pale kwenye kizuizi cha watazamaji unaona visogo vya watu tu. Anza la 3, nenda la 2, malizia hilo.

Mleta uzi: Lakini KILIMA TU, jamani?

Mama Vitumbua: Tushakusikia, baba. Fimbo za selfie ndizo zipigwe marufuku, zinatoboa watu macho.

Njaa Kali: Naulizia ule mkate wa nyama wa pale nje, wanauza usio na pilipili?

Fundi Lakeri: Unaogopa pilipili halafu unaenda Shaanxi, mkoa wa Xi'an, kwenye pilipili zenyewe?