Naomba ushauri: sisimizi jikoni, bila kutumia sumu

Habari zenu wanajamvi. Tangu mvua zianze, sisimizi wanapanda kwa msururu kutoka kwenye ufa ulio chini ya sinki hadi kwenye kopo la sukari, na kwa kuwa nina mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, dawa ya kupuliza siitaki kabisa. Nikifuta njia yao kwa siki na maji, harufu wanayoifuata hupotea, lakini kesho yake huwa wameshapata njia nyingine. Karafuu nilizoweka kabatini wanazikwepa tu (angalau kabati linanukia). Je, ufa niuzibe kwa saruji moja kwa moja, au kwanza nimimine maji ya moto yenye sabuni? Na aliyewahi kutumia majivu au maganda ya ndimu, yalimsaidia kwa muda gani?