Mrejesho: kometi hafifu imekaa mahali pake

Habari wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini vipimo vyangu vya mahali ilipo kometi (nyota yenye mkia) hafifu vinatangulia mbele ya mahali panapotabiriwa na hesabu kwa sekunde moja ya tao (kipimo cha pembe angani, 1/3600 ya digrii), kila usiku. Aliyesema nikague saa ya laptopu alipatia kabisa: ilikuwa nyuma sekunde 30, na kometi inatembea sekunde 2 za tao kwa dakika!

Nimerekebisha saa kwa intaneti, nikapiga picha 40, nikazipanga moja juu ya nyingine kwa kufuata mwendo wa kometi, si nyota. Nyota zikawa mistari. Katikati kikabaki kidoa cha ukungu, kama punje ya ulezi. Nilifurahi mno. Nimepima kwa orodha ya nyota ya Gaia (chombo cha anga kilichopima mahali pa nyota), kosa limeshuka. Vipimo nimeshatuma Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya kometi na asteroidi. Asanteni sana.